Anayechora daraja ndiye anayeamua nani atavuka

KILA mwezi wa Novemba unapoanza, Wakenya wengi huketi mbele ya runinga kuwatazama wanariadha wetu wakipigania taji la mbio za New York City Marathon nchini Marekani.

Tangu Ibrahim Hussein aliposhinda mbio hizo mnamo 1987 na kuwa mwanamume wa kwanza kutoka Afrika kufanya hivyo, naye Tegla Loroupe akafungua mlango kwa upande wa wanawake mnamo 1994, bendera yetu imezoeleka sana kwenye utepe wa mwisho jijini humo.

Mwaka 2025 Hellen Obiri na Benson Kipruto waliendeleza desturi hiyo. Obiri aliivunja rekodi ya wanawake ya mbio hizo, ambayo ilikuwa imewekwa na Mkenya mwenzake, Margaret Okayo, mnamo 2003.

Picha ya kwanza inayoonyeshwa na runinga siku hiyo ni ya daraja. Maelfu kwa maelfu ya wakimbiaji huonekana wakijaa juu ya Daraja la Verrazzano-Narrows, ambalo huunganisha kisiwa cha Staten Island na eneo la Brooklyn. Hapo ndipo mbio huanzia.

Ni daraja la fahari. Lilipofunguliwa mnamo Novemba 21, 1964, hakuna daraja jingine duniani la kuning'inia kwa nyaya lililokuwa na nafasi ndefu kuliko lake baina ya minara miwili. Nafasi hiyo ina urefu wa karibu mita 1,300, nayo magari hupita kwa ghorofa mbili, moja juu ya nyingine.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo mtazamaji aliye Eldoret au Mombasa hawezi kulitambua kwa kutazama picha hizo. Daraja hilo halina njia ya waendao kwa miguu, wala halina njia ya baiskeli.

Siku ya mbio magari huzuiwa na binadamu wakapewa nafasi. Mwezi wa Mei nao, waendesha baiskeli hupewa siku yao katika ziara ya kuzunguka maeneo yote matano ya jiji hilo. Siku nyinginezo zote, anayetaka kuvuka sharti awe ndani ya gari.

Kwa maneno mengine, bingwa aliyevuka daraja hilo Jumapili huku akishangiliwa na ulimwengu mzima, akitamani kurudi hapo Jumatatu kutembea na familia yake, atazuiwa.

Jambo hili si la kuchekesha tu. Linatufunza kuhusu namna miji inavyojengwa, na kwa ajili ya nani, na funzo hilo linatuhusu sisi kuliko tunavyodhani.

Ili kulielewa, yafaa tulitazame daraja jingine katika jiji hilo hilo, kilomita kadhaa kaskazini mwa lile la kwanza. Hili ni Daraja la Brooklyn, ambalo pengine ndilo maarufu zaidi nchini Marekani pamoja na lile la Golden Gate lililoko San Francisco.

Mgeni afikaye New York kwa mara ya kwanza huambiwa na kila mtu kwamba asiondoke kabla hajalivuka kwa miguu. Safari huanzia karibu na ukumbi wa jiji, upande wa Manhattan, nayo huchukua kiasi cha nusu saa au zaidi kidogo kutegemea mtu anasimama mara ngapi kupiga picha.

Njia ya waendao kwa miguu haikubanwa kandokando ya barabara kama ilivyo kwingi. Imepitishwa katikati ya daraja na kuinuliwa juu ya magari, hivi kwamba mtembeaji huyaona yakipita chini yake, huku na huku. Mbele yake husimama minara miwili ya mawe yenye matao yaliyochongoka, na nyaya za chuma zimetandazwa pande zote mithili ya wavu wa mvuvi. Mbali upande wa bahari huonekana sanamu ya Uhuru.

Maskini na tajiri huvuka hapo bega kwa bega. Mtalii, karani anayetoka kazini, mwanafunzi na mzee wa mkongojo, wote huiona mandhari ile ile, tena bila kulipa hata senti moja.

Haya hayakutokea kwa bahati. Mhandisi aliyelibuni daraja hilo, John Roebling, aliiweka njia hiyo kwenye michoro yake tangu mwanzo. Hoja yake ilikuwa kwamba katika jiji lililojaa watu na shughuli, mahali pa juu penye hewa safi ambapo kila mtu anaweza kutembea ni kitu chenye thamani isiyokadirika.

Aidha, sababu yenyewe ya kulijenga daraja ilikuwa watu wa kawaida waliochoshwa na feri. Katika karne ya 19, aliyeishi Brooklyn na kufanya kazi Manhattan alitegemea feri kuvuka mto wa East River kila siku. Katika majira ya baridi ya mwaka 1866 na 1867 barafu iliziba mto huo, feri zikakwama, na kilio cha kutaka daraja kikazidi.

Msomaji wetu aliye Likoni hahitaji kuelezwa maana ya feri kukwama.

Feri hizo hazikumwacha hata mhandisi mwenyewe. Mnamo 1869, Roebling alipokuwa akipima mahali pa kujenga mnara, feri ilimponda mguu alipokuwa amesimama gatini, akapata pepopunda na kufariki baada ya wiki chache. Mwanawe, Washington Roebling, alichukua usukani lakini naye akaugua vibaya kutokana na kufanya kazi ndani ya vyumba vya hewa iliyoshindiliwa chini ya mto. Kwa miaka zaidi ya kumi, mkewe, Emily Warren Roebling, ndiye aliyekuwa kiungo baina yake na wahandisi, akijifunza hesabu za nyaya na nguvu za chuma hadi kazi ikakamilika. Wafanyakazi zaidi ya 20 walipoteza maisha.

Daraja lilifunguliwa Mei 24, 1883. Watu wapatao 150,000 walilivuka siku hiyo ya kwanza, ilhali magari ya farasi yalikuwa takriban 1,800 pekee. Aliyevuka kwa miguu alitozwa senti moja, na ada hiyo ikafutwa mnamo 1891.

Takwimu hizo za siku ya kwanza zinafaa kukumbukwa, kwa kuwa zinaonyesha ni kina nani waliokuwa wakilingojea daraja hilo.

Siyo kwamba kila kitu kilikwenda sawa. Siku sita tu baada ya kufunguliwa, hofu ilizuka katika umati kwamba daraja linaanguka, na watu 12 wakafa kwa kukanyagana ngazini. Mwaka uliofuata, mwenye sarakasi P.T. Barnum alipitisha ndovu 21 juu yake kuwathibitishia wakazi kuwa ni imara.

Uimara wa daraja hilo umejaribiwa mara nyingi tangu hapo, na aghalabu kwa miguu. Wafanyakazi wa treni na mabasi walipogoma mnamo 1980 na tena 2005, wakazi walilivuka kwenda kazini wakitembea. Mnamo Septemba 11, 2001, magaidi waliposhambulia majumba ya World Trade Center, maelfu ya watu waliojaa vumbi walilitumia kukimbilia Brooklyn. Umeme ulipopotea kote jijini mnamo Agosti 2003, hali ilikuwa hiyo hiyo.

Siku mambo yanapoharibika, mtu hubaki na miguu yake. Jiji ambalo limeisahau miguu hiyo huwaacha watu wake wamekwama.

Ingawa hivyo, hata Daraja la Brooklyn lilitekwa na magari. Mwanzoni mwa karne ya 20, lilipokuwa na treni na tramu, lilivusha watu wapatao 400,000 kwa siku. Treni ziliondolewa mnamo 1944 na tramu mnamo 1950, kisha daraja likakarabatiwa na kuwa barabara ya leni sita za magari kufikia 1954. Idadi ya watu wanaovuka ilipungua kwa zaidi ya nusu.

Hapa ndipo wengi hupotoka. Tunapoona barabara pana iliyojaa magari hudhani kwamba inavusha watu wengi, ilhali inavusha vyuma vingi.

Waendao kwa miguu walibaki na njia yao ya juu, lakini miaka ilivyosonga waendesha baiskeli nao walielekezwa huko huko. Mstari ulichorwa katikati, huyu upande huu na yule upande ule. Watalii walipoongezeka, njia hiyo nyembamba iligeuka kuwa uwanja wa matusi na kengele. Mwenye baiskeli alimlaani mtalii aliyesimama kupiga picha, naye mtalii alimlaani mwenye baiskeli aliyekuja kwa kasi nyuma yake.

Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Hapa nyasi ndizo zilizokuwa zikipigana zenyewe kwa zenyewe, huku fahali amejilalia na leni zake sita, hakuna anayemgusa.

Mjadala ulichukua miaka. Kulikuwa na mapendekezo ya kuipanua njia ya juu, lakini ilihofiwa kwamba uzito na gharama vingekuwa vikubwa. Hatimaye, jiji lilikubali jambo ambalo lilikuwa wazi tangu mwanzo. Mnamo Septemba 2021, leni moja ya magari ya upande uelekeao Manhattan iliondolewa, ikajengewa ukuta, ikawa njia ya baiskeli ya kwenda na kurudi. Njia ya juu ikaachiwa waendao kwa miguu peke yao.

Walikuwapo waliotabiri kwamba msongamano ungeliziba jiji zima. Jiji halikuzibwa. Idadi ya waendesha baiskeli darajani iliongezeka kwa kasi, na watembeaji wakapumua. Mnamo Januari 2024 wachuuzi nao waliondolewa kwa hoja kwamba waliziba njia, hatua iliyozua malalamiko ya haki kutoka kwa wahamiaji waliotegemea biashara hiyo kula.

Daraja la Queensboro, ambalo pia hupitiwa na wanariadha wetu katika mbio hizo, lilifuata mkondo huo. Mnamo Mei 2025, baada ya ahadi nyingi na kukawia kwingi, leni ya pembeni upande wa kusini iliondolewa magari na kukabidhiwa waendao kwa miguu, ili wasiendelee kubanana na baiskeli upande wa kaskazini.

Sasa turudi Verrazzano. Mbona daraja hilo halikupata bahati kama hiyo?

Aliyesimamia ujenzi wake alikuwa Robert Moses, afisa mwenye nguvu kupita kiasi ambaye kwa miongo kadhaa alilijenga jiji la New York kwa kipimo cha gari. Kejeli ni kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kuwa na leseni ya kuendesha gari; aliendeshwa na dereva. Kwa mtu anayeitazama barabara kutoka kiti cha nyuma, mtembea kwa miguu ni rahisi kusahaulika.

Tangu wakati huo wakazi wamekuwa wakiomba njia iongezwe. Wamefanya mikutano na tafiti zimefanywa. Makadirio ya gharama yamekuwa yakipanda hadi kufikia mamia ya mamilioni ya dola, nao wasimamizi wamekuwa wakitaja uzito, upepo na usalama. Zaidi ya miaka 60 imepita na njia haijajengwa.

Mkazi wa Staten Island asiye na gari bado ana basi, na ana feri ya kwenda Manhattan ambayo hailipishwi tangu 1997. Lakini Brooklyn, anayoiona kwa macho yake ng'ambo ya maji, hawezi kuifikia kwa miguu yake.

Tofauti ya madaraja haya mawili, basi, haiko katika utajiri wala teknolojia. La Brooklyn lilijengwa katika enzi ya farasi, la Verrazzano katika enzi ya roketi. Tofauti ni kwamba katika moja mtembeaji alikuwamo kwenye mchoro wa kwanza, na katika jingine hakuwamo. Aliyekuwamo aliweza baadaye kudai nafasi zaidi. Asiyekuwamo angali anabisha hodi.

Hapa ndipo hadithi ya New York inapotua Mombasa.

Mji huo wa kisiwa unategemea vivuko kama New York ilivyotegemea. Upande wa kaskazini kuna Daraja la Nyali lililopo tangu 1980, ambalo alfajiri na jioni hujaa watu wa Kisauni wanaotembea kwenda na kurudi kazini. Hawa si watalii wanaotafuta mandhari. Ni vibarua, mama lishe, wanafunzi na wasukuma mikokoteni wanaookoa nauli ya matatu.

Upande wa kusini kuna kivuko cha Likoni, ambapo waendao kwa miguu huvuka bila malipo na magari hulipishwa. Hatuwezi kulizungumzia eneo hilo bila kukumbuka Aprili 29, 1994, feri ilipopinduka Mtongwe na kuua watu 272.

Wakati wa janga la Covid-19, Serikali ilijenga daraja la kuelea kati ya Liwatoni na Ras Bofu kwa ajili ya waendao kwa miguu pekee, ili kupunguza msongamano ferini. Lilianza kutumika mwishoni mwa 2020. Lilikuwa la muda, na ilibidi lifunguliwe kila meli ilipopita. Lakini lilithibitisha jambo moja, kwamba nia ikiwapo, mtembeaji naye anaweza kujengewa.

Mpango mkubwa ni ule wa daraja la kudumu la Mombasa Gate, litakaloinuliwa juu ya mlango wa bandari ili meli zipite chini yake. Mpango huo umezungumzwa kwa miaka mingi, na mwaka 2019 Japan, kupitia shirika lake la JICA, ilitia sahihi mkataba wa mkopo wa kuusaidia.

Swali ambalo wakazi wa Likoni, wabunge wao na serikali ya kaunti wanapaswa kuliuliza sasa, kwa sauti, ni rahisi. Je, mtu mwenye miguu tu, au mwenye baiskeli, ataruhusiwa kulivuka daraja hilo? Kama ataruhusiwa, njia yake ina upana gani, ina kivuli, ina taa usiku? Kama hataruhusiwa, feri ya bure itaendelea kuhudumu kwa miaka mingapi, na ni nani ameandika ahadi hiyo?

Kuna hoja za upande wa pili ambazo si za kupuuzwa. Daraja refu kwenda juu huhitaji njia ndefu za kupandia, na si kila mtu atapenda kuupanda mlima wa saruji katika jua la Pwani. Upepo huwa mkali na ulinzi unahitajika. Inawezekana kabisa kwamba kwa mzee au mama mwenye mzigo, feri itabaki kuwa njia bora.

Hayo yakubaliwe. Lakini yawe uamuzi uliofikiwa hadharani baada ya wahusika kuulizwa, si jambo ambalo wananchi watalitambua siku utepe utakapokatwa na askari akawanyooshea kidole warudi nyuma.

Isitoshe, jirani zetu wametutangulia. Daraja la Nyerere la Kigamboni jijini Dar es Salaam, lililofunguliwa mnamo Aprili 2016, lina njia za waendao kwa miguu kandokando ya leni za magari, na wakazi wanaotembea wanalivuka kila siku.

Sisi tuna deni kubwa zaidi kwa watembeaji wetu. Takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani, NTSA, zimekuwa zikionyesha mwaka baada ya mwaka kwamba waendao kwa miguu ndio wengi zaidi miongoni mwa wanaouawa katika barabara zetu. Ilhali mradi wetu wa fahari jijini Nairobi, ile barabara ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands iliyofunguliwa mnamo 2022, ni ya juu kwa wenye magari, nao watembeaji wameachwa chini wakitafuta pa kupita.

Sera hatukosi. Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ya usafiri usiotumia injini mnamo 2015. Kinachokosekana ni mtu wa kusimama mezani siku michoro inapotandazwa na kuuliza njia ya mguu iko wapi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. New York iliacha ufa mmoja mwaka 1964, na hadi leo, pamoja na utajiri wake wote, haijaweza kuujenga ukuta huo.

Mombasa bado iko kwenye hatua ya mchoro, ambapo njia ya mtembeaji inagharimu kalamu na rula. Taifa linaloishangilia miguu ya watu wake ikivuka daraja la wenyewe ughaibuni lisikose kuitengea nafasi kwenye daraja lake.